Dakika Kumi na Sita za Mama Marlène

Katika ofisi za kiwanda pale Likasi hapakuwa na mtu aliyepiga chapa haraka kama Émérence Kabamba. Aliingia kazini mwaka wa sabini na sita, msichana wa miaka kumi na tisa, na haikupita miaka miwili wakubwa wa idara tatu wakawa wanagombana nani ampate asubuhi. Hakuwa akitazama vidole. Alitazama karatasi, wakati mwingine dirisha, na mashine ilikuwa ikilia chini ya mikono yake bila kupumua.

Huko ofisini ndiko alikomwona Déogratias. Huyu alikuwa mchora ramani za mitambo, mzaliwa wa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai akija kufanya kazi ya reli. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akimletea barua za kupigwa chapa ambazo hazikuwa na haraka yoyote, nyingine hazikuwa na hata anwani. Walioana mwaka wa sabini na tisa, wakapata nyumba mtaa wa Panda, na baada ya miaka miwili akazaliwa Marlène. Tangu siku ile hatukumwita tena Émérence. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mtoto wao alikuwa huyo mmoja tu. Akawa Mama Marlène.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya parokia, nyumba ya tatu kutoka kwao. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe.

Mwaka wa tisini na mbili watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Watu ambao hawakuwahi kuiona Kasai, waliozaliwa katika hospitali ileile tuliyozaliwa sisi, walifukuzwa kazini na majumbani, wakaenda kulala stesheni na magodoro yao na masufuria yao, wakingoja treni. Wengine walingoja wiki nyingi. Déogratias alingoja siku kumi na saba. Mama Marlène alikuwa mtu wa huku. Yeye hakuna aliyemwambia aende. Lakini mfuko wake ulikuwa umefungwa pamoja na mifuko yao, na angepanda treni ile, kama siku tatu kabla ya safari haingekuja habari kutoka Kapolowe kwamba mama yake mzazi ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa, hawezi kusema.

Walizungumza pale stesheni, wamesimama kati ya mizigo ya watu.

“Weye kwenda kumuona mama,” Déogratias alimwambia. “Shiye tutatangulia. Utatufuata na treni ya mwezi kesho.”

“Na mutoto?”

“Mutoto iko na jina yangu, Émérence. Hapa hawatamuacha na jina hii.”

Marlène alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alivaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake iliyokuwa nzima, na alikuwa amekasirika, hakutaka kumkumbatia mama yake mbele ya watu. Mama Marlène alikuwa akirudia jambo hilo kila aliponisimulia. Alisema, “Alinipatia mukono tu. Sawa vile unasalimia mwalimu.”

Treni ya mwezi kesho haikuja. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata dereva mmoja wa reli alileta habari kwa mdomo: Déogratias amefariki kule Mwene-Ditu, kwenye kambi, na msichana amechukuliwa na shangazi yake. Hakujua zaidi. Hakujua alikufa kwa nini, wala nani alikuwa karibu naye, wala shangazi yupi. Mama Marlène alimwuliza maneno yaleyale mara tatu, na yule dereva, mtu mwema, akajibu mara tatu kwamba yeye alipewa hayo tu.

Je, kwa nini hakufuata? Watu wa Panda waliuliza hivyo, wengine kwa ubaya. Mama yake alilala kitandani Kapolowe miaka mitano, akilishwa na kugeuzwa kama mtoto, na hapakuwa na ndugu mwingine. Treni zilikuwa zikipita mara moja kwa miezi, halafu hazikupita. Alipomzika mama yake, vita vilikuwa vimepita, na habari zilisema shangazi ameondoka Kasai na msichana. Walisema Kinshasa. Halafu walisema Ulaya. Ulaya ni neno kubwa kwa mtu anayemtafuta mtu.

Na kazi ilikwisha. Kiwanda hakikufungwa siku moja. Kilizimika idara moja baada ya nyingine. Kila mtu alihamia mashambani au kwenye machimbo ya zamani kuokota mawe. Padri Octave, paroko wetu, ndiye aliyemtoa Mama Marlène kwenye shamba la muhogo na kumpa meza katika ofisi ya parokia, aandike vyeti vya ubatizo na mitihani ya shule.

Pale kwenye meza palikuwa na kompyuta ya kupakata. Aliiacha bwana shamba mmoja Mbelgiji alipoondoka haraka mwezi wa nane mwaka wa tisini na nane, vita vilipoanza tena. Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, na Mama Marlène aliizoea kwa wiki mbili. Lakini siku moja umeme ulirudi parokiani ukiwa na nguvu kupita kiasi, ukaunguza chaja. Chaja nyingine haikupatikana Likasi wala Lubumbashi. Ndipo tulipomwendea mzee Alphonse.

Mzee Alphonse alikuwa fundi umeme wa Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Huko umeme ulikuwa bado ukipatikana siku moja moja. Alishindwa kutengeneza chaja, lakini alipata njia ya kuitoa betri peke yake na kuijaza kwenye karakana kwa nyaya zake mwenyewe. Kwa hiyo kompyuta ikawa inaishi kwa betri tu. Kila Jumatano Alphonse aliichukua betri kwa baiskeli, imefungwa kwenye kitambaa, na kila Ijumaa asubuhi aliirudisha imejaa. Imejaa maana yake dakika hamsini, kwa wiki nzima.

Mama Marlène alikuwa akifanya kazi yote ya parokia kwa dakika thelathini na nne. Tulijua kwa sababu Padri Octave aliweka saa yake mezani. Dakika zilizobaki, kumi na sita, hakuna aliyezihitaji, na kompyuta ilizimwa ili akiba ibaki kwa jambo la ghafla.

Mwisho wa mwezi wa nne, mwaka wa tisini na tisa, Padri Octave alirudi kutoka Lubumbashi na bahasha iliyopitia mikono ya watawa watatu. Ndani mlikuwa na disketi moja, na juu yake karatasi iliyobandikwa: *Mama Marlène, Likasi, Panda.* Hakuna barua. Mama Marlène aliufahamu mwandiko. Herufi M ilikuwa na miguu mirefu, kama Marlène alivyokuwa akiiandika alipokuwa darasa la tano, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkemea kwa ajili ya miguu ile.

“Mon père,” Mama Marlène alimwambia padri, “ile dakika zinabakia, nipatie.”

“Ni zako,” Padri Octave alijibu. “Fungua hata sasa.”

Ilikuwa Jumanne, na wiki ile akiba ilikuwa imetumika kwa jambo la ghafla, betri ilikuwa imebakiwa na dakika chache sana. Hakungoja Ijumaa. Alitia disketi, kompyuta ikanguruma, na yale mafaili yakafunguka katika kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao ambayo Mbelgiji aliiacha. Sisi mtandao hatukuwa nao. Likasi nzima hatukuwa nao. Lakini Marlène alikuwa amejifunza shuleni, huko Ulaya, katika mji wa Liège, kutengeneza kurasa za namna hiyo, na alimtengenezea mama yake kurasa tisa na kuzitia kwenye disketi. Ya kwanza ilianza na picha kubwa.

Picha haikuja yote. Ilishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari, jinsi mtu anavyoteremsha pazia. Anga la kijivu. Nywele zilizokatwa fupi. Paji la uso. Nyusi. Macho. Mama Marlène alishika ukingo wa meza. Pua ilikuwa ya Déogratias, hilo aliliona mara moja. Ikaonekana midomo, na hapo taa ndogo nyekundu ikawaka, kompyuta ikalia mara mbili, kioo kikawa cheusi.

Aliishi na uso huo nusu hadi Ijumaa. Alinikuta barabarani akaniambia, “Mwalimu, minye nilimuona mutoto wangu mpaka kinywa.” Nikafikiri ameota ndoto.

Ijumaa alimaliza kazi ya parokia, akapata dakika zake kumi na sita, akamwona mzima: amesimama kwenye daraja, koti jekundu, mikono mifukoni, miaka kumi na minane. Chini yake kulikuwa na picha nyingine, na nyingine, na maneno kati yake. Lakini hakuyasoma maneno. Alisema atayasoma wiki ijayo. Alitafuta kovu dogo chini ya sikio la kushoto, mahali Marlène alipojiunguza kwa pasi ya makaa akiwa na miaka sita, na kwa kulitafuta aliikuza picha, ikashuka tena mstari kwa mstari, na dakika zikaisha.

Hivyo ndivyo zilivyopita wiki tisa. Kila Ijumaa alikaa, akafungua, akamtazama. Alipojilazimisha kushuka hadi kwenye maandishi, picha nyingine ilijitokeza njiani, Marlène na mbwa, Marlène na theluji, naye akasimama hapo. Akifungua ukurasa wa pili, kompyuta ilinguruma upya na taa nyekundu ikaja mapema zaidi. Mwisho wa mwezi wa sita alikuwa amesoma aya mbili tu za binti yake. Ya kwanza ilisema, *Mama, sijui kama unaishi, lakini ninaandika kama unaishi.* Ya pili ilisema kwamba yote yaliyotokea tangu stesheni ya Likasi ameyaandika humu, kwa mpangilio, na asome hadi mwisho.

Alimlalamikia Alphonse kwamba betri imechoka. Alphonse aliona ni tusi kwa kazi yake. Ijumaa iliyofuata hakuondoka. Alivuta kiti, akainamisha kichwa na kuweka sikio juu ya kompyuta wakati Mama Marlène akifungua kurasa.

“Betri haina na kosa,” alisema baada ya muda. “Sikia. Ile diski ya ndani haipumuziki. Hii programu iko inaandika, inafuta, inaandika. Ile njo inakula betri.”

“Sasa tutafanya nini?”

“Iko programu ya pili humu. Tuijaribu.”

Kweli, Mbelgiji alikuwa ameacha vivinjari viwili. Ijumaa nyingine walitumia cha pili, Alphonse akiwa na saa mkononi. Kilikuwa kibaya zaidi: dakika kumi na mbili, taa ikawaka. Mama Marlène alitoka nje akakaa kwenye ngazi za ofisi, kwa maana jaribio lile lilimgharimu wiki moja ya uso wa mtoto wake, na hakuna aliyeweza kumrudishia.

Siku ya Jumatatu Alphonse alipanda baiskeli hadi Mulungwishi, safari ya nusu siku kwa mtu wa umri wake, kwenye shule za misheni, ambako alimjua mtu aliyefundisha kompyuta za kizamani. Alirudi na disketi yenye kivinjari cha tatu. Hicho hakikuwa na rangi wala picha. Kilifanya kazi nje ya madirisha yote, kwenye kioo cheusi, herufi nyeupe tupu. Ijumaa, kazi ya parokia ilipokwisha, Alphonse alihamisha kurasa za Marlène ndani ya kompyuta ili disketi isizunguke, akapunguza mwanga wa kioo hadi chini kabisa, kwa kuwa herufi nyeupe husomeka hata gizani, akawasha. Kompyuta ilinguruma kidogo, halafu ikanyamaza. Diski ya ndani ililala.

Walikaa wote watatu, Mama Marlène, Alphonse na Padri Octave, wakiitazama saa. Dakika kumi na sita zikapita. Ishirini. Ishirini na tano. Taa nyekundu iliwaka kwenye dakika ya thelathini na moja.

“Karibu mara mbili,” padri alisema.

Mama Marlène hakufurahi. Alikuwa ametazama kioo muda wote ule na mahali pa uso wa binti yake palikuwa na mabano tu.

“Mutoto iko wapi?” aliuliza.

“Humu hamuna picha, mama,” Alphonse alimjibu kwa upole. “Muko maneno. Unataka kumuona ao unataka kumusikia?”

“Minye nataka vyote.”

“Vyote haviingii mu betri hii.”

Alipitisha kidole juu ya mabano yale. Alphonse aliniambia baadaye kwamba alijuta kuuliza. Alisema aliona kama amemtenganisha na mtoto mara ya pili. Mwishowe Mama Marlène alisema, “Basi nitamusikia.”

Ijumaa iliyofuata alianza kusoma tangu mwanzo. Aligundua kwamba mabano yale hayakuwa matupu. Mwalimu wa Marlène huko Liège aliwafundisha kwamba kila picha iandikiwe maneno, kwa ajili ya watu wasioweza kuiona, na Marlène alitii. Penye uso kuliandikwa: *[Mimi, kwenye daraja. Baridi sana. Nacheka lakini nina njaa.]* Penye mbwa: *[Mbwa wa jirani. Nilimwita Panda.]* Mama Marlène alicheka kwa sauti peke yake ofisini. Picha ile aliitazama mara tano na hakujua jina la mbwa.

Alisoma ukurasa wa pili na wa tatu, habari za treni: jinsi walivyokaa juu ya mizigo siku tisa, jinsi mwanamke asiyemjua alivyompa Marlène kanga yake. Alisoma wa nne, habari za Mwene-Ditu. Wa tano ulikuwa wa Déogratias.

Ule ukurasa aliusoma Ijumaa mbili, na mara ya pili aliniomba nikae naye. Déogratias alishikwa na kuhara, wakiwa katika mwezi wao wa pili kambini. Siku za mwisho hakuwa na nguvu ya kusimama, lakini aliomba kalamu ya risasi na karatasi ya mfuko wa saruji, akamchorea binti yake nyumba yao ya Panda, kama alivyochora mitambo maisha yake yote: kila mlango, kila dirisha, na vipimo vyake. Alimwambia, ukisahau kwenu, pima hapa. Aliandika hata upana wa kitanda. Alikufa asubuhi, Marlène akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa na watu waliomwombea. *Alisema jina lako, Mama. Hakusema Mama Marlène. Alisema Émérence.*

Nilimsikia akilisoma jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo. Halafu aliendelea kutazama herufi zile hadi kompyuta ikazimika, na hata ilipozimika hakuondoa macho.

Kuanzia hapo alisoma bila kurudi nyuma. Wa sita, wa saba, shangazi, Kinshasa, ndege. Wa nane, shule na baridi na lugha. Ijumaa ya tatu ya mwezi wa tisa alifika ukurasa wa tisa. Nilikuwa darasani ng'ambo ya uwanja, nikasikia kiti kikianguka.

Ukurasa wa tisa ulikuwa mfupi. Marlène aliandika kwamba watawa wa Lubumbashi waliopokea disketi wana simu inayofanya kazi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, atapiga simu kwao, kuanzia mwezi wa tano. *Nitapiga kila mwezi hadi mwaka uishe. Kama hakuna mtu, nitajua.*

Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Nilimkuta amesimama katikati ya ofisi, anahesabu kwa vidole, anarudia kuhesabu kana kwamba zingepungua.

“Jumapili tano, mwalimu,” aliniambia. “Jumapili tano mutoto anapiga, na minye niko hapa naangalia koti yake.”

Padri Octave alisema tutampelekea habari. Alikataa. Hakutaka habari iende kwa mdomo wa mtu tena. Alikuwa amepata habari za namna hiyo za kutosha. Ijumaa, tarehe mosi ya mwezi wa kumi, alipanda lori la makaa hadi Kapolowe, akalala kwa majirani wa mama yake. Jumamosi hakupata gari. Jumapili alfajiri alipanda lori jingine, juu ya magunia ya mahindi ya watu, akafika Lubumbashi saa nane mchana, vumbi hadi kwenye kope. Watawa walimpa maji na kiti ukumbini, mbele ya simu. Yule aliyeipokea disketi alikuwa amehamishiwa Kolwezi. Hawa waliobaki walikumbuka tu kwamba kuna msichana hupiga simu kutoka Ulaya akimtaka mwanamke wasiyemjua.

Saa tisa ilipita. Saa tisa na dakika kumi ilipita. Mtawa mmoja alianza kumwambia kwamba laini wakati mwingine inakatika. Saa tisa na dakika ishirini simu ililia.

Alinisimulia mazungumzo yale mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, na ninayaandika kama alivyoyatoa.

“Allô? Namutafuta Mama Marlène wa Likasi,” sauti ilisema haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara tano.

“Njo minye.”

Akafikiri simu imekatika.

“Nani anasema?”

“Ni minye, Émérence. Mama yako.”

Alisikia pumzi, halafu Kifaransa kingi ambacho hakukishika, halafu kilio. Naye hakulia. Aliniambia alikuwa anaogopa kupoteza hata neno moja.

“Mama, Swahili imenipotea,” Marlène alisema. “Maneno hayakuyi.”

“Sema ile inabakia. Minye nitasikia.”

“Uliona picha?”

“Nilikuona. Uko na pua ya baba yako. Nilikuangalia sana, mwanangu, nilikuangalia wiki na wiki, njo maana sikufika kwa haraka ku maneno yako. Unisamehe.”

“Nilifikiri umekufa.”

“Sikukufa. Nilikuwa nakuangalia.”

Wakazungumza hadi kadi ya Marlène ilipoisha, kama dakika nane. Alimwuliza kama kovu la pasi bado lipo. Marlène alisema lipo, limebaki dogo. Alimwuliza kama ile karatasi ya saruji anayo. Anayo, ipo kwenye fremu ukutani. Jambo la mwisho Marlène alilosema kabla ya laini kukatika lilikuwa, “Ile siku ya stesheni, Mama,” na mama yake akasema, “Najua. Ulikuwa mutoto,” lakini hajui kama lilifika.

Alienda tena mwezi wa kumi na moja, wakazungumza. Mwezi wa kumi na mbili laini ilikuwa imekufa, akangoja hadi jioni, akarudi Likasi. Betri nayo ilianza kushindwa mapema mwaka uliofuata. Alphonse alikuwa akiileta akiwa ameinamisha kichwa. Ilipokuwa ikidumu nusu saa tu kwa yote, Mama Marlène, mpiga chapa bora wa Likasi, alichukua daftari la shule na kunakili kurasa zote tisa kwa mkono, pamoja na maneno ya kwenye mabano, kwa wiki sita. Ilipokufa kabisa, kazi ya parokia ilirudi kwenye mashine ya zamani ya utepe. Disketi bado anayo. Hakuna mahali pa kuifungulia hapa kwetu.

Sasa barua huja, moja au mbili kwa mwaka, mikononi mwa mapadri wanaosafiri. Picha moja ya karatasi pia ilikuja, lakini Marlène ni mdogo ndani yake, kati ya watu wengi, na ameangalia pembeni. Mwezi uliopita Mama Marlène alinionyesha barua mpya. Marlène ameandika kwamba anaweka akiba ya nauli, kwamba huenda akaja mwaka huu mwezi wa saba, kama vita vitaruhusu na kama karatasi zake zitakuwa tayari. Aliandika “huenda” mara tatu katika mistari miwili. Mimi nilizihesabu, mama yake hakuziona.

Aliniuliza kama mtu aliyezoea baridi ya Ulaya anaweza kusikia baridi ya huku. Nilimwambia mwezi wa saba usiku ni mkali, hata kwa mtu wa Ulaya, kwa kuwa nyumba zetu hazina moto ndani.

“Basi blanketi moja haitoshi,” alisema, akachukua kapu lake, akaenda sokoni.